Karai la Da Tatu

Ijumaa, Mtendeni, Tabora. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekaa upande wa Urambo, hayanyeshi wala hayaondoki. Goti la kushoto linauma na chakula cha mchana nimekirudisha jikoni kama kilivyokuja.

Nimezoea kuandika mambo mepesi humu: bomba la mtaa linalokohoa hewa, treni inayochelewa, vituko vya uzee. Wasomaji wangu wachache mmenizoea hivyo. Leo sina wepesi wowote. Kesho saa moja asubuhi gari litakuja kunichukua. Sitaki kwenda, na sina namna ya kukataa.

Nianze na televisheni.

Jana alasiri nilikuwa kwa Da Tatu. Tumekuwa majirani tangu ujana. Amenizidi miaka kama mitano, kwa hiyo mpaka leo namwamkia shikamoo na yeye ananiitikia, "Marahaba, mdogo wangu." Sebuleni walikuwepo wajukuu zake wawili, mabinti wakubwa wenye kazi zao, na televisheni ilikuwa inaonyesha dhoruba huko pwani. Mtangazaji amevaa koti la mvua, ameshika kipaza sauti, anayumba huku na huku, anapaza sauti kwamba upepo unataka kumwangusha. Mubashara, kama wanavyosema siku hizi. Mara nyuma yake akapita mama mmoja na trei ya mayai kichwani. Anatembea taratibu zake, hata khanga haipepei.

Mabinti walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mimi sikucheka. Yule kijana nilimjua. Jina lake silijui, ila najua jinsi ulimi unavyoendelea kusema huku wewe mwenyewe unausikiliza kwa mbali.

Da Tatu naye hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akawaambia, "Watu wa siku hizi hawaendi. Zamani mtu alikuwa anakwenda. Huyu babu yenu alikwenda Umojani mito imejaa, akatutangazia akiwa amelowa chapachapa." Mabinti wakanigeukia kwa heshima. Nikaangalia kikombe changu cha chai.

Sikwenda.

Imenichukua miaka yote hii kuliandika neno hilo, na hata sasa naliandika mahali ambapo najua Da Tatu hawezi kulisoma. Macho yake hayashiki tena herufi. Ona nilivyo mwoga.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Baba yake Da Tatu, Mzee Maganga, alikuwa na makazi ya zamani kando ya njia ya misafara, pale ambapo babu yake alikuwa akiwauzia wapagazi mtama wakielekea Ujiji. Akahamishwa pamoja na wenzake kwenda kijiji kipya, Umojani, barabara ya Urambo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, nzuri kuzitazama ukiwa barabarani. Lakini zilijengwa kwa haraka, tofali hazijakauka vizuri, na mapaa yakawekwa mvua zikiwa zimekaribia. Mzee alipokuja mjini alilalamika kwa binti yake kwamba ukuta wake unatoa jasho. Sisi vijana tulicheka. Tuliona ni uzee na kupenda ya kale.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwandishi wa redio hapa mkoani. Nilikuwa na maringo, niseme ukweli. Nilitembea mjini na kinasa sauti begani, zito kama sanduku la safari, na watu walinitambua kwa sauti kabla hawajaniona uso. Nilipanga chumba kimoja katika nyumba aliyokuwa akikaa Da Tatu na mumewe na watoto. Ua tuliutumia pamoja.

Jioni moja ilinyesha mvua kubwa hapa mjini. Nilifungua dirisha, nikajaribu mashine yangu kwa kunasa ile mvua, bila sababu yoyote. Ikanasa kishindo cha bati. Ikanasa pia karai la Da Tatu, alilokuwa akilitega chini ya mchirizi kila mvua ikinyesha ili asiende bombani kesho yake. Maji yalikuwa yakilidondokea kwa mlio wake, kwanza mkavu, halafu mzito kadiri lilivyojaa.

Asubuhi zikaja habari kwamba mvua ileile, ikiwa na upepo mkali, imeezua mapaa Umojani. Studio ya Dar es Salaam ikapiga simu. Walitaka taarifa ya moja kwa moja kwenye habari za saa saba mchana. Kijijini hakukuwa na simu, kwa hiyo tukakubaliana niende nikaone, kisha nipige kutoka stesheni ya reli iliyo jirani.

Tulitoka na Landrova. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Dereva akazima injini, akasema gari lake haliingii humo. Nilisimama ukingoni labda dakika kumi. Upande wa juu niliona daraja la reli, kavu kabisa. Ningeweza kuvuka kwa miguu na kutembea kama saa mbili. Nililiona vizuri. Nilikuwa nimevaa viatu vipya.

Nikasema turudi.

Saa saba nilikuwa kwenye simu ya ofisini kwetu, jua linawaka nje. Nilisema nipo stesheni, nimetoka kijijini sasa hivi, nimelowa, na mvua imeanza tena. Kinasa sauti nilikiweka karibu na mdomo wa simu, kinacheza mvua ya jana ya Mtendeni. Mwenzangu wa studio akawaambia wasikilizaji, "Bila shaka mnaisikia wenyewe."

Kisha akaniuliza kuhusu vifo.

Ofisi ya mkoa ilikuwa imeniambia asubuhi kwamba haijapata taarifa ya vifo. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kusema. Lakini mtu aliyekwisha kusema yupo pale hawezi kusema hajapata taarifa. Aliyepo anaona. Uongo wa kwanza uliudai wa pili, na mimi nikautoa bila hata kupumua: hakuna aliyepoteza maisha.

Baada ya hapo sikuweza kuonekana mjini, maana nilikuwa Umojani. Nilisubiri alasiri, nikapita vichochoroni, nikaingia chumbani na kufunga mlango kwa ndani. Nilikaa humo usiku ule na kesho yake mchana kutwa. Nilikula mkate mkavu. Nilikojoa kwenye kopo. Kupitia ukutani nilimsikia Da Tatu akiimba huku akipika, maana redio ilikuwa imemtoa wasiwasi.

Kesho yake asubuhi akaja mtu na baiskeli. Nilimwona kwa ufa wa dirisha: mtu mzima, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa ameisukuma baiskeli juu ya lile daraja la reli. Aliamkia, akakaribishwa kigoda, akakikataa. Alisema ametumwa kutoka Umojani. Ukuta ulimwangukia Mzee Maganga usiku ule wa upepo. Wamemwosha, wanamngoja binti yake mpaka saa kumi, kisha watazika.

Da Tatu hakulia. Alimwuliza kama amemwona maiti kwa macho yake. Yule bwana akasema hapana, yeye ametumwa tu na wazee. Siku zile uvumi kuhusu vijiji vipya ulikuwa mwingi, kila mtu na lake, na Da Tatu alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Nakumbuka jibu lake neno kwa neno, na nitalikumbuka mpaka nizikwe.

"Jirani yangu yuko huko sasa hivi. Nimemsikia redioni kwa masikio yangu, na hata karai la kukingia mvua nimelisikia. Watu wanakinga maji, baba. Wenye msiba hawategi makarai."

Lilikuwa karai lake. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, hatua tatu kutoka aliposimama.

Na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Nilihitaji kuvuta tu. Kama ningelivuta, angekuwa amepanda baiskeli ile dakika ileile, na saa kumi angekuwa kaburini kwa baba yake. Mimi ningefukuzwa kazi na kuchekwa mji mzima. Nilipima vitu hivyo viwili. Nilipata muda wa kutosha wa kuvipima, kwa sababu yule bwana hakuondoka haraka. Alisimama pale akinyonga kofia yake, akisema, dada, tafadhali, twende tu.

Sikuvuta komeo. Akaondoka peke yake.

Jioni nikajipaka tope kwenye viatu vile vipya, nikazunguka mpaka barabarani, nikaingia uani kama mtu anayetoka safari. Da Tatu alinikimbilia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimemwona baba yake. Nikasema nimemwona. Nikasema alikuwa juu ya paa anafunga kamba, na kwamba amemsalimu sana. Sijui kamba ile niliitoa wapi. Ilikuja yenyewe, na alivyotabasamu ikawa kweli.

Siku ya tatu mjomba wake alifika kutoka huko akiwa amevaa msiba, na hapo hakukuwa na la kubisha. Nilingoja Da Tatu anijie juu. Nilitamani anijie juu. Badala yake aliniita, akanishika mikono yote miwili, akasema watu wamechanganya siku, lazima ukuta ulianguka baada ya mimi kuondoka, na anamshukuru Mungu kwamba salamu ya mwisho ya baba yake iliwahi kumfikia kupitia kwangu.

Ungesema nini? Nilisema pole.

Tangu hapo nimeishi na hiyo kamba. Kila Ramadhani Da Tatu ananiletea futari, mimi Mkatoliki, na bakuli likishakaa mezani ananiomba nimsimulie tena. Ninasimulia. Miaka imeniongezea maneno: mzee alivaa kanzu iliyofifia, alikuwa akicheka. Marehemu mke wangu alijua. Aliniambia mara moja tu niende nikaseme, na nilipokataa hakunirudia tena, lakini hakuwahi tena kukaa na mimi bakuli hilo likiwepo.

Mnaniuliza kuhusu televisheni, kama yale mnayoyaona ya dhoruba ni ya kuaminika. Wengine mliwahi kuniandikia hivyo, mkijua kazi yangu ya zamani. Sina jibu la kitaalamu. Najua tu kwamba sauti ya mvua ni ya kweli daima, mahali popote unapoinasa, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Yule mama wa mayai alikuwa bahati ya watazamaji. Redioni hakupita mtu nyuma yangu.

Sasa kuhusu kesho.

Jana, mabinti walipotoka, Da Tatu alizima televisheni. Alisema anajisikia kuchoka kwa namna ambayo si ya kulala. Kuna jambo moja analitaka kabla hajaondoka, akasome dua kwenye kaburi la baba yake. Umojani imeshakufa siku nyingi. Watu walirudi kwenye makazi yao ya kale mmoja mmoja, mvua zikabomoa kuta zilizobaki, na sasa pale ni mashamba ya tumbaku. Da Tatu mwenyewe hakuwahi kufika huko, si kabla ya msiba wala baada yake; siku zote alisema salamu ile inamtosha. Wazee waliomzika Mzee Maganga wote wametangulia. Mjomba aliwahi kumwambia kitu kimoja tu, kwamba walimzika ubavuni mwa nyumba yake, kwa sababu makaburi ya kijiji yalikuwa bado hayajapimwa.

Kwa hiyo anahitaji mtu anayejua nyumba ilikuwa wapi. Duniani amebaki mmoja aliyeiona, tena na mzee mwenyewe akiwa juu ya paa.

Mpwa wake ana gari. Ameshapanga kila kitu, hata chupa ya chai. "Wewe usichoke kwa kushuka, mdogo wangu," aliniambia. "Kaa garini, ninyooshee kidole tu. Nitakwenda mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo kusema. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri, ameinamisha kichwa upande, kama watu wanavyosikiliza redio. Nikamwuliza gari litakuja saa ngapi.

Nilipotoka nilipita uani. Karai bado lipo, limetoboka chini, amepandia mchicha.

Nimekaa na ukurasa huu tangu baada ya adhuhuri, nikijiambia kwamba nikimaliza kuandika nitakwenda kugonga mlango wake. Nimemaliza. Ni hatua arobaini kutoka hapa. Namsikia akimwita mpwa wake, anamkumbusha asisahau mkeka wa kukalia, maana anataka akae na baba yake kwa muda.

Kesho atautandika mkeka huo katikati ya tumbaku ya watu, juu ya udongo usiokuwa na mtu, asome dua yake yote mpaka mwisho. Kwa sababu gari litapiga honi saa moja, nami nitapanda. Na najijua. Nitanyoosha kidole.