Nimeshonea Kidude cha Kozi Kwenye Pindo la Binti Yangu

Mshauri wangu Bi Mwanamina, shikamoo. Nakuomba uniwahi kabla sijaangua kicheko mbele za watu nikajulikana, maana hali niliyonayo sijui nilie au nicheke, na mara nyingi nacheka, halafu nikishacheka naogopa.

Mie ni mama wa hapa Chumbi, mkulima wa mpunga, shule niliishia la nne, kwa hiyo mwandiko ukipinda wewe nifuate tu taratibu. Nina binti mmoja, Hafsa, mtu mzima sasa, na kazi yake ni kurusha kozi, yule ndege mwindaji. Usishangae. Miaka yote sisi tunaamia ndege kwa kukaa juu ya dungu, tunapiga madebe na makelele mpaka sauti zinakauka, na kwelea kwelea wanakula tu kama wamealikwa. Mwaka huu kikundi chetu kikamleta Bwana Bashiru, ambaye alikaa sana Uarabuni akiwatunza kozi wa matajiri, naye akaja na kozi mmoja jike, ana njuga na vikamba miguuni na kofia ndogo ya ngozi ya kumfunika macho, na kwa ajili ya kule kufunikwa sisi tukampa jina Mwali. Akataka mtu wa kumfundisha kazi, wanaume wakaogopa zile kucha, Hafsa wangu akanyoosha mkono. Bi Mwanamina, akirushwa yule ndege kwelea wanaondoka shambani kama moshi uliopulizwa, kisha mwanangu anapiga filimbi, ndege anashuka mkononi kwake kula kipande cha nyama, nami huku chini napiga vigelegele mpaka najisahau.

Sasa Mwali huwa anawekewa kidude, wenyewe wanakiita transmita. Ni cheusi, kama kokwa ya tende, kina waya mwembamba kama sharubu ya kambale. Hafsa anamvisha kofia atulie, anamkumbatia, anakichomeka kwenye kibanio kilichogundishwa kwenye unyoya wa katikati wa mkia, ili ndege akipotea wafungue mashine yao yenye antena, inalia ti, ti, ti, na ukielekea alipo inalia kwa nguvu zaidi.

Mie roho yangu iko juu siku zote. Hafsa akimkimbiza Mwali anasahau dunia, anatazama juu tu, anakata mabonde, na mabwawa yetu yana viboko na mamba. Nikawaza, ndege ana cha kumtafutia, mwanangu je? Na sisi huku tangu zamani mtoto wa kupelekwa shamba tunamshonea hirizi kwenye pindo, mama yangu alinishonea mimi, nami Hafsa nilimshonea akiwa mdogo. Basi. Mwenyewe yuko bafuni anaoga, vidude viko viwili ndani ya kopo, kimoja cha ndege na kimoja kilichokufa betri kikimngoja Bwana Bashiru alete nyingine kutoka Dar, na habari ya kufa mie sikuwa nayo, nilijua ni cha akiba. Nikalishika kopo, likaniponyoka, vikabingirika vyote uvunguni mwa kitanda, na kuja kuviokota vinafanana kama mapacha. Nikasema bismillahi, nikachukua kimoja nikakishonea kwenye pindo la gauni lake la shamba, kingine nikakirudisha koponi. Yaani nilipomaliza nilifurahi hata nikapika wali wa nazi.

Mshauri, hapa ndipo utanicheka. Sikufikiri kabisa kwamba mashine ya kutafutia anatembea nayo Hafsa mwenyewe.

Asubuhi shambani akampachika Mwali kile kilichobaki koponi, akafungua mashine kujaribu, ikalia vizuri, akaridhika, akamrusha. Mwali akawatawanya kwelea, halafu akaona njiwa, akaondoka naye, huyo, mpaka upande wa mtoni.

"Mwali katoroka kabla ya kutolewa!" akasema Ismaily, mkwezi wa nazi, watu wakacheka.

Hafsa akapiga filimbi, kimya. Akafungua mashine. Ti-ti-ti-ti! Inapiga kelele kama imekanyagwa.

"Yuko hapahapa," akasema. "Yuko juu ya vichwa vyetu."

Tukainua nyuso wote. Juu kuna mkwaju. Ismaily akavua shati, akapanda mpaka kileleni, mara tunasikia ukelele: "Huku kuna maji moto tu, jamani! Wananila!" Akashuka anajichapa makofi mwili mzima, wale chungu wekundu wa mitini wamemjaa mpaka masikioni. Hafsa akasogea kwenye mkorosho, ti-ti-ti-ti. Akaenda mpaka barabarani, ti-ti-ti-ti. Akauzunguka msikiti, ileile, wala haipungui, nasi nyuma yake kama tunasindikiza harusi.

"Mbona anatufuata?" Ismaily akauliza.

"Ndege wa kutufuata asionekane, huyo si ndege," akasema jirani yangu Bi Tatu, naye tayari ameshavua viatu kavishika mkononi. "Hafsa, mwanangu, hicho ulichokuwa unakilisha nyama ni kitu gani?"

"Kozi, Bi Tatu."

"Kozi? Kozi si tunawajua!"

Hapo mie nimeshaelewa yote. Nikajiziba mdomo kwa kanga, kicheko kinanitikisa, Bi Tatu akanikumbatia akidhani nalia, "Vumilia, mama Hafsa, yatapita," nami ndiyo kwanza nikazidi kutikisika.

Toka siku ile ni vurugu. Wanasema Hafsa anafuga jini. Kwelea wamerudi, na mpunga ndiyo kwanza umetia maziwa. Mzee Kondo mwenye kuku wengi amesikia njuga juu ya paa lake, ameapa akikiona hicho kitu anakipiga manati kwa jiwe lililosomewa dua. Na Hafsa, Bi Mwanamina, Hafsa ndiye ananiumiza. Jioni ileile alibadilisha gauni akalianika, akasimama uani na mashine, anaizungusha antena huku na huku, akaizima, akaingia ndani. Tangu hapo haibebi tena, nadhani ameikatia tamaa, anakwenda na filimbi na nyama tu. Lile gauni akalitundika kwenye msumari wa mlango wangu, akasema, "Mama, pindo la gauni hili limekaza, ukipata nafasi unitazamie," akageuka haraka, mabega yanamtikisika, mtoto analia masikini, nami nikakaa kitandani nalitazama gauni kama limekuja kunishitaki.

Nikisema, ataniamini tena? Nimempotezea ndege wake, na kijiji kitanicheka mpaka kiyama. Nisiposema, Mwali atauawa na mwanangu ataitwa mchawi. Bwana Bashiru anarudi Ijumaa. Je, nikichomoe kimyakimya nikirudishe koponi? Majina ubadilishe tafadhali, gazeti lako Bi Tatu halimpiti.

Mie Mama Roho Juu,
Chumbi.

Bi Mwanamina anajibu:

Mama Roho Juu, marahaba. Nimecheka, siwezi kukuficha, ikabidi niiweke barua chini ninywe maji. Nilipomaliza kucheka nikakasirika, kwa hiyo kaa vizuri. Jibu hili nampa utingo wa basi aliyeniletea barua yako akurudishie leo leo. Wasomaji watalikuta gazetini baadaye, maana jambo lako halingoji kuchapwa.

Ulimfungia mwanao kengele ya kumwambia yeye mwenyewe alipo! Hilo nakusamehe. Ni mapenzi ya mama, yalikosa njia tu. Nisilokusamehe ni kusimama chini ya mkwaju ukimtazama Ismaily analiwa na maji moto, na mwanao anazunguka msikiti na mashine, wewe unalijua jambo na kanga umeitia mdomoni. Pale pale ungenyanyua mkono mngecheka wote, mkaenda kumtafuta ndege.

Sasa isome tena barua yako, mama. Binti anayeijua ile mashine kuliko mimi na wewe amevua gauni, ameliweka kambani, amesimama uani akazungusha antena. Unadhani ilimwelekeza wapi? Amekwenda kambani, amelipapasa pindo, ameuona mshono, na mshono wako anaujua tangu enzi za hirizi. Kisha akaliacha lilivyo, akakutundikia mlangoni. Na yale mabega, mama, si ya kilio. Wewe mwenyewe ulitikisika hivyohivyo, Bi Tatu akadhani unalia.

Hafsa anajua. Anajua tangu jioni ileile, na anakubali kuitwa mfuga majini ili wewe usichekwe. Unaniuliza kama atakuamini tena. Yeye anangoja aone kama wewe unamwamini.

Kwa hiyo marufuku kuchomoa kimyakimya. Mwite, mkae mkekani, shika wembe, fumua pindo mbele ya macho yake, na umwambie ulichofanya na ulichokuwa unaogopa. Akicheka, cheka. Akinuna, mwache anune, ni haki yake.

Mkitoka hapo nendeni kwa Mzee Kondo, wewe ukiwa mbele. Aweke manati chini. Njuga anazosikia ni za Mwali, ndege aliyezoea kulishwa mkononi na mtu, ndiyo maana anazungukia nyumba za watu. Kuku wafungiwe, Hafsa asimame uani kwa Mzee Kondo na nyama mkononi, apige filimbi asubuhi na jioni. Msingoje Ijumaa. Zile kamba za miguuni zikinasa tawini, ndege atafia juu huko. Mwombe imamu atangaze baada ya swala kwamba kozi mwenye njuga ni wa shamba na asipigwe, na wewe uwaeleze wanawake wenzako kwa mdomo wako kwamba jini la Chumbi lilikuwa kwenye gauni. Watacheka, ndiyo. Wacheke. Anayekucheka uchochoroni hamrushii jiwe ndege wa mwanao. Ismaily mpikie wali wa nazi, ule aliostahili tangu siku ile.

Bwana Bashiru akishuka garini, apate habari kwako, asiipate kwa Bi Tatu. Na kile kidude kilichokufa kifungeni uzi mwekundu, kikae mbali na kilicho hai.

Viboko na mamba ni kweli, sikudharau. Anayetazama juu anahitaji mwenzake wa kutazama chini. Huyo mwenzake namjua: ana macho, ana miguu, na vigelegele vyake nimevisikia mpaka huku. Mfuate binti yako shambani, usimshonee.

Ukishamaliza kufumua, lishone upya hilo pindo. Mwenyewe ameshakuomba. Safari hii usitie kitu ndani.