Majina Mawili kwenye Mkataba

2 Machi

Mdogo wangu Msusi,

Hujambo? Na dereva wako hajambo? Mimi mzima. Nilikwenda kununua nyuzi, kurudi nikakuta umebeba kitanda, godoro na pazia la kwangu, umehamia kwake, umeacha ufunguo juu ya cherehani. Mkataba wa chumba tulisaini wawili. Mmoja akiondoka, aliyebaki anadaiwa kodi yote. Mwenye nyumba amenisomea mstari huo mara mbili, taratibu, kama anafundisha mtoto. Kodi laki mbili kwa mwezi, mimi nina laki moja. Lete yako, au njoo usaini kujitoa niingize mtu mwingine. Bila saini yako hataki mtu.

Dada yako,
Fundi

9 Machi

Dada Fundi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mimi sijambo. Usinune. Nitalipiaje chumba nisicholala? Dereva anasema anayelala ndiye anayelipa. Kuja siwezi, hapendi nizurure.

Mdogo wako,
Msusi

1 Aprili

Msusi,

Marahaba. Hali yangu usiulize. Mwambie dereva mkataba haujui nani kalala wapi. Nimeuza mashine ya kudarizi kulipa nusu yako ya Machi. Ya Aprili nisipoitimiza kufikia tarehe tano, chumba kinafungwa na cherehani imo ndani. Karani wa mahakama, mteja wangu, kasema nikikulipia naweza kukudai mahakamani. Usinifikishe huko. Jina lako limo mpaka Desemba, ulale utakapolala.

Dada yako,
Fundi

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandikia saluni, wateja wakidhani napiga hesabu ya rasta. Laki yako nilikuwa nayo; dereva aliichukua. Jumatatu alificha viatu vyangu nisitoke. Anasema hapa ni kwake, mimi jina langu haliko popote. Naona aibu kuuliza: kule bado limo?

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Limo. Chumba hakikufungwa, nilikopa kwa karani. Nilishapata mpangaji, muuguzi, kilichobaki ni saini yako. Sasa nakwambia usisaini chochote. Mwenye nyumba hawezi kukuzuia mlangoni, na dereva akikufuata tutamsomea ule mstari, mara mbili, taratibu.

Nusu yako ya miezi miwili utanilipa, sikupunguzii hata senti. Pazia langu lirudi.

Njoo hata peku. Ufunguo uko ulipouacha.

Dada yako,
Fundi