Bado Droo Mbili

Dada yangu Ragnhild,

Jamu uliyotuma imefika, hata chupa haikupasuka. Theluji imetufika madirishani. Eivind yuko chini, kwenye karakana yake. Aliahidi kabati likiisha tu, tunalibeba na kuhamia kwenu Bergen. Huu mwaka wa sita.

"Bado droo mbili, mke wangu," aliniambia jana.

"Droo gani hizo zinazaana kama panya?"

Akacheka.

Leo nimeshuka kufagia, nikapima kabati, nikapima na mlango. Kabati limeuzidi mlango kwa shibiri nzima, na limeungwa kwa gundi, halifunguki vipande. Nikasema kapitiwa, maskini. Kumbe upana wa mlango ameuandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa michoro yake, kabla hajakata hata ubao mmoja.

Kile chumba ulichotuwekea, kipangishe tu.

Mdogo wako,
Torunn