Raba za Kafa Ulaya

Mama yangu, shikamoo. Huku Musoma upepo wa ziwani unavuma mchana kutwa, ila sato ni watamu, ungekula hadi mwiba.

Pale Mukendo nilinunua raba za turubai, za mitumba, hizi kafa Ulaya. Shangazi akasema nizitie kwanza maji ya chumvi nizianike, maana hatujui aliyezivaa yu hai au la. Nikacheka, nikazivaa vilevile tukaenda Mugango kwa miguu.

Soli zake bapa kama chapati, na ya kushoto imelika upande wa ndani. Humo mna kishimo cha kidole gumba cha mtu mwingine, na changu kikakaa humohumo. Nyayo ziliwaka moto, kisigino kikachubuka. Kufika ufukweni nikazivua, nikatangulia peku.

"Anastazia," shangazi akaniita, "mbona unachechemea? Hukuwaga hivyo."

Nikageuka. Kwenye mchanga, unyayo wangu wa kushoto ulikuwa umelalia ndani, kama ile raba.

Raba nimezitupa, kisigino kimepona, mwendo haujarudi. Mama, wewe hunitambua kwa hatua kabla sijabisha hodi. Ukisikia mtu usiyemjua anaburuta mguu uani, usiogope. Nifungulie.