Kiti cha Mpiga Kinanda

Jumapili, 2 Juni

Leo mchungaji amehubiri juu ya kujikana. Kila mtu amkabidhi Mungu kile anachokishikilia kwa meno. Nililia. Mtu mzima, fundi friji, kamasi mpaka kwenye masharubu! Nikasema Bwana, chukua vyote, usibakize. Na nilikuwa namaanisha kabisa.

Ibada ilipoisha mchungaji akaniita ofisini. Yule binti muuguzi aliyehamia kwetu juzijuzi, kumbe anapiga kinanda. Mikono yote miwili, tena anasoma nota. Mchungaji angependa Jumapili ijayo kwenye kiti cha kinanda akae yeye, mimi niwe namsaidia.

Hivyohivyo! Hata machozi hayajakauka! Sijui kwa nini nilidhani Mungu angeanza na kitu kingine. Tangu kanisa letu likiwa banda la mabati, kwenye kile kiti nipo mimi. Nikajibu amina. Ningejibu nini mbele ya mchungaji?

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi ya kwaya. Binti amekaa kwenye kiti changu. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima — ananiita baba, anauliza kila kitu. Nikamwonyesha plagi inayotaka kukandamizwa, spika inayokoroma, meza inayocheza mguu mmoja. Halafu akapiga. Weee! Mwalimu wa kwaya alisahau kuongoza, akabaki anamtazama. Mimi nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Kitufe kimoja sikumwonyesha. Siri hii anaijua mke wangu tu: miaka yote najua kupiga vibao vyeusi vya kinanda pekee. Wimbo ukitakiwa juu, nabonyeza kitufe, kinanda kinaupandisha chenyewe. Ukitakiwa chini, nabonyeza tena. Vidole vyangu vinabaki palepale, watu wanasema huyu mzee ni bingwa. Ningemwonyesha, angenijua papo hapo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimewapigia watoto wa shule ya Jumapili. Wana sauti nyembamba, nikapandisha kinanda hatua nne. Tulipomaliza nikakizima. Kinanda chetu hakijirudi — ukikizima kikiwa juu, kesho kinawaka kikiwa juu. Nikakifunika kitambaa, nikarudi nyumbani. Nimechoka.

Jumapili, 9 Juni

Balaa!

Binti kaanza wimbo wa kwanza, ukatoka huko juu kwenye paa. Akina mama wa sauti ya kwanza wanapiga mayowe, besi wamefunga midomo wanatazamana. Yeye anaangalia nota, anaangalia vidole vyake. Macho yanamwambia hiki, masikio yanamwambia kile. Akaacha. Akaanza upya — vilevile. Mtu mmoja nyuma akacheka. Akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni amejifunika uso.

Mchungaji akanipungia. Nikakaa. Kidole gumba kwenye kitufe, chini hatua nne, hakuna aliyeona. Kwaya ikaimba vizuri ajabu. Makofi! Mwalimu wa kwaya akaninong'oneza kwamba ni mimi tu, hakuna mwingine.

Na mimi kichwa kikavimba. Nilifurahi, Bwana. Nilifurahi sana.

Jumatatu, 10 Juni

Nilisahau. Watoto walikuwa na fujo, mimi nina njaa, nikasahau. Basi.

Friji la muuza maziwa nimeunganisha waya kinyume, likanipiga shoti hadi begani. Mke wangu kauliza nina nini. Nikamwambia sina kitu.

Nilisahau kweli? Mkono ulisimama juu ya kitufe kile. Ulisimama kidogo, kisha ukachukua kitambaa. Mtu aliyesahau mkono wake ungesimama kwa lipi?

Alhamisi, 13 Juni

Mchungaji amekuja karakana, akakaa juu ya ndoo ya rangi. Amemsihi binti arudi Jumapili hii, amekataa katakata. Hatapiga tena, hapa wala kanisa lingine. Binti amemwambia hivi: "Nilidhani ni Mungu ananiita. Kumbe ni kiburi changu, akaamua kuniumbua."

Eti Mungu ndiye aliyemuumbua! Kazi yangu, anasingiziwa Mungu.

Mchungaji naye hakuishia hapo. Anataka Jumapili nitoe ushuhuda: nilivyoachia kiti bila kinyongo, na Bwana akanirudishia. Watu wajifunze kujitoa. Nikainama kutafuta bisibisi ambayo nilikuwa nimeishika. Nikasema ngoja niombee kwanza jambo hilo.

Nimejaribu kuomba. Nikifika kwenye "chukua vyote", nakwama. Kwa sababu nikisema ukweli, kiti kimekwenda. Siri ya vibao vyeusi imekwenda. Heshima mbele ya kanisa zima imekwenda. Nikinyamaza, binti anaishi na uongo wangu akidhani ni sauti ya Mungu. Nakaa, nasimama, nazunguka meza. Mke wangu kasema nitatoboa sakafu.

Jumamosi, 15 Juni

Binti amekuja! Yupo sebuleni, amevaa sare, ametoka zamu. Mimi nimekimbilia chumbani, nimesema nabadili shati. Shati ninalo. Nimekaa kitandani naandika kama mwendawazimu.

Nimeshaandaa la kumwambia: binti yangu, kinanda kile kina hitilafu zake, usijilaumu. Si uongo. Ni kweli kabisa. Ni kweli, na kiti kinabaki changu.

Nawasikia nyuma ya pazia. Anamwambia mke wangu kwamba amekuja kuniomba radhi, amenikosea kwa kukaa mahali ambapo Mungu hakumweka. Nasikia mke wangu anainuka. Anakijua kile kitufe.

Mke wangu ameingia. Amenitazama mimi, akaitazama kalamu. Amesema binti hataki chai. Anataka nimwekee mikono nimwombee, Mungu aing'oe ndani yake ile hamu ya kupiga, maana usiku inamsumbua.

"Utamwombea hivyo?" Ameuliza kwa sauti ya chini, akatoka.

Nimesimama. Nimekaa tena. Lile la hitilafu limenitoka kichwani, silikumbuki hata neno. Mke wangu anaita, baba njoo, mtoto wa watu ameshapiga magoti kwenye saruji. Nimejibu nakuja. Nimemwambia amwinue, amkalishe kwenye kiti, asinipigie magoti mimi — amesema hataki kuinuka, anangoja mikono yangu. Naiweka kalamu; nitaanza na kile kitufe.