Sauti Yako Bado Inaahidi

Raya,

Anayeandika ni Mize, shoga yako, mie nasema tu. Unanijua, skuli sikuingia, na herufi ninazozijua ni zile za chuoni kwa Kurani, nazo nazijua kwa kuzighani, si kwa kuziandika. Nimemwambia Mize aandike kama ninavyotamka. Asinipambe wala asinitilie maneno ya afisini. Nikitukana aandike tusi. Amekubali, lakini ameshaanza kufuta machozi kabla sijasema kitu, sijui barua itafika wapi.

Nimekuja kukwambia habari za ukumbi wako. Si huu wa nyumba, huu unavuja pale pale unapopajua. Ule wa ndani ya simu, Ukumbi wa Vitabu, ule uliosema, "Bibi, humu watu wa Pemba watauziana vitabu, wataazimana na watagombana juu ya vitabu bila ya kutoka majumbani mwao." Nikakuuliza, nani huyo atakayeacha mchuzi jikoni akagombane kwa ajili ya kitabu? Kumbe wapo. Tena wengi.

Tumeubadilisha, mwanangu. Nalisema mwanzo ili nisikuzungushe. Tumeubadilisha, na sauti yako tumeitoa.

Unakumbuka siku ile ulipoukunjua ule mkeka ukaja kunikalia hapa ubavuni, ukanipa simu, ukasema, "Bibi, tafuta kitabu cha kupikia." Nikakwambia mie kupika najua. Ukasema, "Jifanye hujui." Ukanionesha mahala pa kusema ninachotaka, nikasema, "Asalaam alaykum, habari za hapo, naomba kitabu cha kupikia kama kipo." Ile simu ikaandika yote, kisha ukanisomea jibu lake: hakuna kitabu hicho. Nilikasirika mie! Nimesalimia vizuri, nimeomba kwa adabu, natupiwa "hakuna" kama mbwa aliyeingia jikoni. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema kumbe si mie peke yangu, watu wengi wanaisalimia kwanza, na ile simu haijui salamu, inadhani salamu ni jina la kitabu.

Nikakwambia, basi ifundishe. Mtu akipiga hodi aitikiwe.

Ukaifundisha. Ukajifungia chumbani, ukatufukuza sote uani na kuku wetu, ukasema neno lako. Na ukaweka kile kipicha cha sikio kwa sisi tusiosoma na wenye macho hafifu, mtu akikibonyeza anakusikia: "Wa alaykumu ssalaam. Mie Raya. Nimekusikia. Kitabu chako nnakitafuta, na nikikipata nnakuletea mwenyewe mpaka mlangoni." Nyuma yake jogoo anawika, maana yule shetani hakukubali kufukuzwa. Ulitaka kurudia, nikakukataza. Nikasema mwache, watu wajue wameingia kwenye nyumba ya watu.

Na kweli ulikuwa unapeleka mwenyewe. Gombani umepeleka, Wesha yote umeizunguka, unarudi miguu imevimba na mfuko mtupu, unafurahi kama uliyeolewa. Nilikuwa nakugombeza kwa sababu ya ile damu yako yenye maradhi. Damu iliyokuchosha tangu uko mgongoni mwangu. Ukinijibu, "Bibi, nimeshaahidi."

Jogoo tulimchinja siku ya hitima yako. Kwa hiyo mle ndani ya sikio walikuwa wakisema maiti wawili. Mize anasema hili nisiliseme. Andika, Mize.

Siku tuliyokuzika, mjomba wako alisimama mbele ya jeneza akawaambia watu, mwenye kumdai Raya, iwe mali, iwe neno, asinyamaze, aje kwetu. Wakaja. Mmoja alikuja kwa ajili ya sufuria uliloazima, nikampa na la kwangu juu. Mwengine alikuja tu kulia. Walipokwisha nikaona sawa, umekwenda mwepesi, hakuna anayekushika nguo huko uendako. Hilo ndilo lililonifanya nile, Raya. Mengine yote yalikuwa majivu mdomoni.

Halafu nikawa nakusikiliza. Nikishasali alasiri nakaa pale mlangoni, nabonyeza sikio, unaniambia umenisikia. Nabonyeza tena. Majirani walikuwa wanapita kimya. Mmoja alisema bibi huyu atapata wazimu, nikamwambia wazimu wangu haujala chakula chako. Sikuwa natafuta kitabu mie. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniitikia salamu, kwa sababu nyumba hii tangu uondoke naisalimia mie na najijibu mie.

Mize akaja. Akaniambia Ukumbi unakufa. Sikulipenda neno lile, lakini yeye hakulitafuta, lilimtoka. Akasema watu wanaingia, hawaoni njia, wanatoka. Maandishi madogo. Mtu akitaka kuuza kitabu chake anaulizwa maswali kama aliyekamatwa na polisi. Akitaka kununua anaoneshwa kitabu lakini haambiwi kiko wapi, na mtu wa Pemba kitu cha kwanza anataka kujua kiko kwa nani. Nikamwambia hayo tengeneza, nani kakukataza? Kisha akasema, "Bibi, na ile sauti." Akasema maombi yote ya watu yanaingia kwenye simu ya Raya, na simu ya Raya mie nimeizima nimeifunga sandukuni. Watu wanaitikiwa, wanaahidiwa, wanangoja. Hawaletewi.

Nikamwambia, "Mize, ukiigusa sauti hiyo, mlango huu usiukanyage tena."

Akaondoka analia. Kesho yake akarudi na mkate wa boflo, akakaa. Akaja tena siku nyengine na dagaa. Ndivyo alivyo huyu, ukimfukuza anakuletea kitoweo. Lakini kila akija anaitazama ile kona ya sanduku, na mie namwona anavyoitazama.

Mwezi ukapita hivyo. Sikubadili moyo kwa ajili yake, nalisema mbele yake na ananiandikia. Aliyenibadili ni mtu nisiyemjua.

Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka hapo mlangoni, gari ikasimama barabarani, akateremka mzee mwenye kanzu iliyofuliwa ikachoka. Akapiga hodi, akasema yeye ni Faki, anatoka Msuka. Msuka, Raya! Kule mwisho wa dunia. Akauliza, "Bi mkubwa, hapa ndiyo kwao Raya wa vitabu?" Nikasema ndiyo, karibu. Hakukaa. Akasema, "Basi mwambie atoke. Mie nafuga nyuki, na nyuki wangu wananihama. Nimeomba kitabu cha nyuki, kaniahidi kwa mdomo wake ataniletea. Nimengoja. Nimeomba tena, kaniahidi tena. Jana nimeomba, kaniahidi tena na cheko mdomoni. Mtoto gani huyu muongo?"

Muongo. Wewe.

Ukili niliutupa chini. Nilitaka kumpiga na kiatu, wallahi, na umri wake ule. Nikamwambia, "Mzee Faki, huyo unayemtukana kafariki. Yuko makaburini, tumemzika sie."

Akanitazama. Akasema, "Jana kanijibu." Nikasema kafariki. Akasema, "Bi mkubwa, mie si mwehu. Nimemsikia. Na jogoo wake nimemsikia."

Nikatoa simu, nikabonyeza sikio, tukakusikiliza pamoja. "Nnakuletea mwenyewe mpaka mlangoni." Pale ndipo alipokaa, akakaa chini kabisa, juu ya vumbi, na kanzu yake. Akasoma anachosomewa maiti. Kisha akaniambia taratibu, si kwa ugomvi, kama mtu anayemweleza mwenziwe mgonjwa, "Bi mkubwa, mfungeni mdomo huyu mtoto. Maiti haahidi. Mnamtwisha. Mie langu nimemsamehe hapa hapa, lakini wako wenziwangu sijui wangapi, na hao hawajui kama kuna wa kusamehewa."

Nilimpa maji. Akanywa, akarudi alikotoka.

Raya, siku ile sikula. Nilikuwa nimekaa na kufikiri umekwenda mwepesi. Mjomba wako kasimama mbele ya watu, madeni yako yote tumeyalipa, mlango tumeufunga. Kumbe nyuma yangu ule mlango mwengine uko wazi, na kila anayebonyeza unamwahidi. Huyu wa Konde, yule wa Mkoani, wote. Umelala kaburini na unazidi kufungwa na ahadi kwa watu usiowajua. Na mie ndiye niliyekaa juu ya sanduku, nasikiliza jinsi sauti yako ilivyo tamu.

Nikamwita Mize. Nikalifungua sanduku, nikaitoa ile simu ndani ya kanga yako, nikampa. Namba ya kuifungulia anaijua, mlikuwa hamna siri nyie wawili. Akaitia chaji, ikawaka. Ikanyamaza kidogo kama mtu anayeamka. Kisha ikaanza kulia. Ikalia, ikalia, mlio juu ya mlio, hata ule wa nyuma haujamalizika. Mize akaiweka chini kwenye mkeka kama kitu cha moto. Tukakaa tunaitazama inatetemeka na kusogea. Kila mlio ni mtu. Kila mmoja keshaitikiwa salamu na wewe. Mwisho ikatulia. Nikamwambia, "Itoe sauti yake."

Akaniuliza, "Leo, Bibi?" Nikasema sasa hivi, kabla Raya hajapata mwengine wa kumwahidi.

Basi nikwambie Ukumbi ulivyo sasa, maana utataka kujua. Maandishi yamekuwa makubwa, hata Mzee Faki anasema anayaona bila ya miwani. Mtu akiingia anaoneshwa kitabu na mahala kilipo: hiki kiko Gombani, hiki kiko Wesha, kwa mwalimu fulani, mpigie. Mwenye kuuza anapiga picha ya jalada, anasema bei, basi, haulizwi jina la nyanya yake. Watu wamerudi. Wanagombana mle ndani, Mize ananisomea. Juzi walikuwa wanatukanana kuhusu mwisho wa hadithi moja, nikacheka peke yangu kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Ukumbi umekuwa mzuri, Raya. Inaniuma kulisema, lakini mwenyewe ungelisema. Mazuri hayo yote hukuyaona.

Salamu bado zinaitikiwa. Hilo sikukubali liondolewe. Lakini anayeitikia ni Mize, na nimemkalia kitako wakati anasema, ili asijiahidie ovyo. Anasema, "Wa alaykumu ssalaam. Raya aliyeufungua Ukumbi huu amefariki, muombeeni. Unachokitaka kipo kwa mwenyewe, na namba yake ni hii." Mara ya kwanza alisema "amefariki" akakatika. Mara ya pili vile vile. Mwisho tukaiacha hivyo hivyo na kwikwi yake.

Kitabu cha nyuki tulikipata. Kilikuwa kwa mwanamke mmoja hapa hapa Wesha, muda wote ule, kimekaa juu ya kabati lake. Nilikipeleka mwenyewe. Mie, na magoti yangu haya, nimepanda gari mpaka Msuka, Mize kanishika mkono. Mzee Faki alikuja kukipokea mlangoni, akakifuta kwa kanzu, akasema hakikuwa cha lazima, alishasamehe. Nikamwambia wewe umesamehe, mie sijasamehe. Shika kitabu chako. Nyuki wake nusu wamekwenda zao, waliobaki wakali kama kaka yako.

Wengine bado wapo. Simu yako ipo kwa Mize, na tunawaita mmoja mmoja. Tunamwambia mtu, aliyekuahidi kafariki, kitabu ulichokitaka tunakitafuta sie, na kama hutaki kungoja basi tunaomba umuachilie. Wengi wanaachilia hapo hapo, wanalia, wanasema hata hawakumbuki waliomba kitu gani. Mmoja alitukana. Huyo wa kutukana ndiye nitakayempelekea kwanza kabla ya wote, hata kama kitabu chake kiko Unguja.

Na sauti yako, Mize aliniuliza aifute au anitilie kwenye simu yangu. Si mjinga mie. Nikasema nitilie. Iko hapa, haisikiki na mtu mwengine duniani. Nikibonyeza unaniambia umenisikia na utaniletea mwenyewe mpaka mlangoni. Basi ujue, Raya, kuanzia leo uliyemwahidi ni mie peke yangu, na mie nakuachilia. Nimesema mbele ya Mize, na Mize kaandika. Mlangoni kwangu usije. Nitakuja mie huko ulipo, Mungu akinipa njia, na sitaki kitabu.

Nakuahidi mie ninayepumua: hatabaki mtu wa kusema Raya kasema na Raya hakuleta. Nikishindwa kutembea atakwenda Mize, na Mize akishindwa nitaamka nikiwa maiti nimtukane. Sasa naomba asome alichoandika, kisha tuombe dua, kisha kila mtu aende akapike.

Lala, mwanangu. Hudaiwi na mtu.

Bibi yako,
Wesha