Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi nyumbani! Mshono wa shingo umelala sawa kabisa. Mimi niliyeshona cherehani miaka thelathini nimeukagua kwenye kioo na sina la kulaumu. Kumbe katezi walikonitoa shingoni ni kadogo kama harage! Ndiko kalikokuwa kananyonya kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu, mpaka figo zikajaa mawe. Daktari kasema mishipa ya damu sasa itapata nafuu, huenda hata presha ikashuka. Ila figo zinafanya kazi asilimia arobaini tu. Zikibaki hapo, tushukuru. Zikishuka — mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Na sare za shule nani atashona? Naogopa. Basi, nimesema.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua vidonge nilivyopewa. Vya nini? Vya kalsiamu! Yaani nimepasuliwa kwa ajili ya kalsiamu, halafu nilishwe kalsiamu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimevimwaga vyote kwenye kopo la vifungo. Mume wangu akiuliza, nakunywa maji, naitikia kwa kichwa — tayari.

Alhamisi, 7 Machi

Midomo inacheza. Vidole vimejaa sisimizi. Uzi umekataa tundu la sindano mara saba — mimi! Nimesingizia miwani.

Jumapili, 10 Machi

Naandika hospitali, dripu mkononi. Ijumaa nilikuwa nashona kifungo cha shati la mume wangu, mkono ukajikunja wenyewe, ukagoma kufunguka, kifungo kikapotelea chini. Akasema basi, acha, atatafuta kingine mwenyewe. Akafungua kopo. Akatoa kitu cheupe, akakigeuza: mbona hiki hakina matundu?

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, mficha maradhi, kifo humuumbua, akanileta hapa na kopo lenyewe kwapani.

Daktari kanielezea kama mtoto wa darasa la kwanza. Tezi moja ilifanya kazi ya tezi zote nne, hivyo tatu zilizobaki zimelala. Mifupa nayo ina njaa, inavuta kalsiamu yote. Mpaka tezi ziamke, vidonge ndivyo vinashika zamu. Kalsiamu ikizidi inaumiza figo, ikipungua mno inaumiza moyo. Nimeona aibu. Figo watazipima upya baada ya wiki moja na nusu.

Alhamisi, 21 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Vidonge nameza, na mume wangu ananiambia nifungue mdomo ahakikishe! Presha imeshuka — nesi kapima mara mbili, hakuamini. Asubuhi nimetunga uzi mara moja, bila miwani. Limebaki la figo tu.

Mlango umefunguka. Daktari ana karatasi mbili, ya zamani na mpya. Anatazama hii, anatazama ile. Uso wake hausomeki. Ananiita.

Mume wangu, mtu wa kuitwa mara tatu ndipo aje mezani, ameshasimama kabla yangu. Kanyoosha mkono. Anasema funga hilo daftari, twende tu—